UZI: Nyumba ya mzee Mtwara na Lindi: msimamizi wa matunzo aingie kabla ya fundi

#1 Ustawi_Kusini

Wadau, salaam. Uzi huu ni wa wanaosimamia matunzo ya wazee huku kwetu kusini: afisa ustawi wa jamii, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, muuguzi mstaafu anayelipwa na familia, au binti aliyekabidhiwa mama na ndugu zake walioko Dar. Kuna nchi ambako kazi hii ina cheo na mshahara. Kwetu kazi ipo, cheo haina. Humu nitamwita msimamizi wa matunzo.

Mnaijua picha hii. Pesa ya korosho imeingia, watoto wanachanga, bibi anajengewa choo cha ndani. Fundi anapima chumba, anabandika marumaru zinazong'aa, anafunga kiti cha kuvuta maji na mlango wa futi mbili na nusu. Picha zinarushwa kwenye grupu la ukoo. Wiki mbili baadaye bibi amerudi kwenye choo cha shimo uani, kwa sababu kule kuna gogo la mnazi alilozoea kulishika anapoinuka. Fundi alipewa chumba akapime. Hakuna aliyempa vipimo vya bibi.

Hapo ndipo msimamizi anapotakiwa. Kazi yake ya kwanza ni kumfuata mzee siku nzima bila kumsaidia: anavyoshuka kitandani alfajiri, anavyotawadha, anavyokwenda uani, jikoni, barazani, mpaka anaporudi kulala. Arudi tena usiku, na taa ileile anayoitumia mzee, kwa sababu safari ya saa nane za usiku si sawa na ya saa nne asubuhi. Atazame kuta. Penye weusi wa viganja ukutani, penye fremu ya mlango iliyong'aa kwa kushikwa, ndipo mzee anapotafuta msaada kila siku. Alama hizo ni ramani ya mishiko kuliko mchoro wowote.

Kipimo kimoja rahisi: kiti cha kimo cha sm 46 hivi, mzee akiwa amekaa. Asimame, atembee mita 3, ageuke, arudi, akae. Atumie mkongojo wake kama anao. Akizidi sekunde 12, hatari ya kuanguka ipo. Andika sekunde hizo, zitakufaa ukirudi kukagua baada ya kazi.

#2 fundi_mwashi_Masasi

Mkuu, nimekuelewa, lakini fundi hajengi kwa maneno. Nipe namba.

#3 Ustawi_Kusini

Sawa fundi. Namba zinazotoka kwenye mwili wa mzee ni nne, zichukuliwe akiwa amevaa viatu au kandambili anazotembelea:

Nyuma ya goti hadi sakafuni, akiwa amekaa. Hicho ndicho kimo cha kiti, cha kitanda (juu ya godoro likiwa limekaliwa) na cha kiti cha choo. Wengi huangukia sm 40 hadi 46. Kikizidi, miguu inaning'inia na hawezi kujisukuma. Kikipungua, magoti yanakataa.

Mkunjo wa kifundo cha mkono hadi sakafuni, akiwa amesimama, mikono imeteremka. Hicho ni kimo cha mkongojo na cha bomba la kushikia anapotembea. Mzee aliyepinda mgongo ukimwekea bomba la sm 90 la vitabuni, analishika begani.

Unene anaoweza kuufumbata. Bomba la kipenyo cha nje cha mm 32 hadi 38 linafaa wengi. Mwenye vidole vilivyokakamaa apewe la upande mnene.

Na upana wa anachotembelea: mkongojo, fremu ya miguu minne au kiti mwendo.

Kati ya bomba na ukuta acha sm 4. Ukiacha sm 10 ukidhani unamfanyia wema, siku akiteleza mkono unapenya wote na kukwama.

#4 nyonga_na_goti

Naongeza la kitabibu, maana ndilo linalosahaulika. Kwa aliyepata kiharusi, mshiko unawekwa upande wa mkono wenye nguvu. Hilo wengi wanalijua. Wasichokumbuka ni kwamba akigeuka, upande unabadilika. Anakwenda chooni na bomba liko kushoto kwake, vizuri. Anarudi, bomba lilelile liko kulia, kwenye mkono uliokufa. Kwa hiyo ama uweke pande zote mbili za njia, ama sehemu ya kugeukia uweke nguzo ya wima aizunguke bila kuiachia.

Chooni nipendavyo mimi ni mshiko wa umbo la L upande wenye nguvu. Wa kulala uwe sm 20 hadi 25 juu ya kiti, wa kumbeba anapokaa. Wa wima uwe sm 20 hadi 30 mbele ya ukingo wa kiti, wa kujivutia anaposimama. Mtu anayesimama huinamia mbele kwanza. Bomba likiwa usawa wa bega lake au nyuma yake, linamvuta arudi kukaa.

Msimamizi pia asikimbilie nyundo. Kuanguka kunaweza kutokana na mtoto wa jicho, na upasuaji wake ni mfupi. Au dawa za presha zinazomfanya aone kizunguzungu akiinuka ghafla. Mpeleke kwanza hospitali ya Ligula, Sokoine au Ndanda, popote palipo karibu, wakamwangalie macho na presha ya kukaa na ya kusimama. Mlango mpya hauponyi jicho.

#5 Mikindani_mawe

Hapo kwenye kufunga mishiko ukutani ndipo mnapotaka kuua watu. Nyumba za zamani Mikindani na Kilwa Kivinje ni mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa. Ukuta ni mnene, futi moja na nusu na zaidi, unadhani ni imara. Toboa, ingiza bolti ya kutanuka, kaza: chokaa inasagika na bolti inazunguka kama kijiko kwenye uji. Ikikubali leo, mwezi wa tatu inachomoka na mzee juu yake.

Mshiko ubebe angalau kilo 110 za kuvutwa. Njia yangu: toboa ukuta tundu mpaka upande wa pili, pitisha fimbo ya bolti ya mm 12, kila upande weka bamba la chuma la sm 15 kwa 15, kaza kwa nati mbili. Kama ni mnene mno, simamisha nguzo sakafuni na uachane na ukuta.

Jambo la pili, chumvi. Bomba la mabati ukilichomelea, zinki inaungua pale kwenye kiungo, na moshi wake si wa kuvuta. Kiungo hicho kitaoza kabla ya bomba zima. Piga brashi ya waya, paka rangi ya kuzuia kutu mikono miwili, kisha rangi ya juu. Kwa nyumba zilizo karibu na maji, kama Shangani ya Mtwara, kiungo kikaguliwe kila mwaka.

#6 Mwera_wa_Mtama

Na sisi wa nyumba za miti na udongo? Hapo bamba la chuma litakaa wapi?

#7 fundi_mwashi_Masasi

@Mwera_wa_Mtama ndugu yangu, ukuta wa fito na udongo usahau kabisa. Usiunong'oneze hata msumari. Simamisha fremu inayojitegemea: nguzo mbili, bomba moja la kulala juu yake. Kila shimo sm 30 kwa 30, kina sm 60, zege 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Mashimo mawili yanakula kama robo tatu ya mfuko wa saruji wa kilo 50. Nunua mmoja, kinachobaki utazibia.

Ukitumia mti badala ya bomba, mchwa ndio adui. Mti laini haumalizi mwaka ardhini. Mkongo unavumilia, mpingo zaidi, ila mpingo si wa kuokota. Njia nzuri ni kufinyanga kisiki cha zege kinachotokeza sm 15 juu ya ardhi, mti ukafungwa juu yake kwa mabamba na bolti. Mti haugusi udongo, na ukichoka unabadilishwa bila kuchimba.

Mchanga wa ufukweni usiutumie kwenye zege lenye nondo. Chumvi inakula nondo kwa ndani, zege linapasuka lenyewe.

#8 Kipimamaji

Nije kwenye mteremko wa mlangoni, kwani ndiyo kazi ya kwanza kila mtu anayoitaja. Kanuni: kila sm 1 ya kupanda, sm 12 za urefu. Msingi wa baraza ukiwa na kimo cha sm 30, mteremko ni mita 3.6. Ukiwa sm 45, ni mita 5.4, na hapo uanze kufikiria kuukunja, kwa kuwa ua wenyewe huenda haufiki. Hesabu hiyo ni ya kusukumwa na mjukuu mwenye nguvu. Mzee anayejisukuma mwenyewe mpe 1 kwa 15 au 20.

Kwa kimo cha sm 30 na upana wa mita 1: jaza mawe na kifusi, shindilia kila sm 15, juu mwaga zege la sm 10. Zege hilo ni mita za ujazo 0.36, karibu mifuko miwili na robo. Nunua mitatu, ya nyongeza ni ya kingo. Kwa kila mfuko, mchanga ndoo tatu na nusu za lita 20, kokoto ndoo saba. Maji kidogo kuliko fundi atakavyo.

Pembeni inua kingo za sm 7 hadi 10, gurudumu lisidondoke. Juu, mbele ya mlango, acha sehemu bapa ya mita 1.2 hadi 1.5. Bila hiyo mzee anafungua mlango akiwa kwenye mteremko, kiti kinarudi nyuma. Uso uchanwe kwa ufagio mgumu, mistari ikatize njia. Mwagilia siku 7, funika kwa magunia.

#9 nyonga_na_goti

@Kipimamaji sikubaliani na "kila mtu". Mteremko ni wa magurudumu. Mzee anayetembea kwa miguu yake na magoti yanauma, kushuka mteremko kunamtesa kuliko ngazi, maana goti linabeba breki njia nzima. Wa namna hiyo mpe ngazi fupi. Baraza la sm 45 huwa lina hatua mbili za sm 22. Zigeuze ziwe nne za sm 11 hivi, pa kukanyagia sm 35, bomba pande zote mbili, na ukingo wa kila hatua upakwe mstari mweupe wa sm 5. Gharama ndogo, nafasi ndogo.

Ndiyo maana msimamizi ndiye aamue kabla ya fundi. Fundi akiachiwa atajenga mteremko tu, ndio anaouona mahospitalini.

#10 Kipimamaji

Nakubali, dada. Nilikuwa na magurudumu kichwani.

#11 Jamvi_la_Newala

Swali: kizingiti. Wote mnasema kiondolewe. Nyumba zetu kizingiti kiliwekwa kuzuia maji ya mvua. Ukikitoa, Januari unalala na dimbwi.

#12 Kipimamaji

Swali zuri. Usikitoe kabla maji hujayapa njia nyingine. Nje ya mlango chimba mfereji wa upana wa sm 15 na kina cha sm 15 unaokatiza njia, ufunike kwa wavu wa nondo wenye matundu yasiyozidi sm 1.5, la sivyo ncha ya mkongojo itazama. Uso wa baraza uinamie nje sm 2 kwa kila mita, na bati la juu litokeze sm 60 hivi mbele ya ukuta. Baada ya hapo ndipo kizingiti kishuke.

Kama hela haipo, kiache na ukiinamishie mbao pande zote mbili. Kizingiti cha sm 5 kinataka kabari ya sm 60 kila upande. Kukiacha hivihivi na kumwambia mzee "angalia mguu" si kazi. Mzee hainui unyayo kama zamani. Hata sm 2 zinamkwaa.

#13 Jamvi_la_Newala

Asante. Na huku juu kwenye uwanda shida yetu ni maji yenyewe, si ya mvua kuingia ndani. Mzee anainama kuchota pipani. Pipa liwekwe juu ya matofali lenye bomba la kufungulia kwenye kimo cha kiuno, chini yake kijukwaa cha ndoo cha sm 50. Mzee asibebe zaidi ya kidumu cha lita 3. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Akiwa nayo, mkono wa kushika mshiko haupo.

#14 Ustawi_Kusini

Tuje chooni, kwani hapo ndipo pesa nyingi zinapopotea. Choo cha ndani si lazima. Choo cha shimo kinaweza kutengenezwa kikamfaa mzee, kwa masharti.

La kwanza, jua kifuniko cha shimo ni cha nini. Kama ni magogo yaliyosiribwa udongo, usijenge juu yake kiti cha tofali. Tofali la saruji la inchi sita linazidi kilo 20, kiti kizima ni zaidi ya kilo 150, na kinakaa palepale penye tundu ambapo magogo yanaoza kwanza. Udongo wetu wa pwani ni mchanga, shimo lisilojengewa kuta linakula kingo zake kila msimu. Hapo weka kiti cha mbao chepesi chenye miguu minne mipana, kila mguu ukikaa kwenye bamba la sm 10 kwa 10. Kifuniko kikiwa zege lenye nondo na hakina ufa, kiti cha tofali kinakubalika.

Kiti: kimo ni kile cha nyuma ya goti. Tundu sm 25 kwa 30, urefu uelekee mbele. Mbele kwa ndani weka kizuizi cha kuzuia mkojo kurukia miguuni. Kifuniko chenye mpini mrefu, mzee asiiname. Mbao zisuguliwe kwa msasa na kupakwa rangi ya mafuta mikono mitatu. Mbao mbichi inanyonya mkojo na haisafishiki.

Njia ya kutoka nyumbani: kwenye mchanga mkongojo unazama. Tandika zege jembamba la upana wa sm 90, au matofali yaliyolazwa na kushindiliwa. Ikiwa umbali unazidi mita 15, ya usiku iwe ndoo yenye kiti ndani ya chumba, na aliyepewa zamu ya kuimwaga ajulikane kwa jina. Bila jina ndoo inajaa, mzee anaona aibu, anatoka gizani.

#15 Mkongojo

Mpira wa ncha ya mkongojo jamani! Ukiisha, mti unateleza kwenye sakafu kama sabuni. Kipande cha tairi kilichokatwa duara na kufungwa kwa skrubu iliyozamishwa kinatosha.

#16 fundi_mwashi_Masasi

Sakafu sasa. Tatizo letu kubwa kuliko marumaru ni niru, ile saruji tupu inayosuguliwa juu ya sakafu. Mama wa nyumbani anataka sakafu ing'ae, fundi anapiga niru mpaka unajiona sura. Ikidondokewa na maji ya udhu, ni barafu. Mkeka juu yake nao unatembea.

Dawa: chokonoa niru kwa patasi, matundu karibukaribu, angalau nusu ya uso wote. Fagia, lowesha usiku kucha. Paka uji wa saruji, na kabla haujakauka mwaga mchanganyiko wa 1:3 (saruji, mchanga) wa unene wa sm 3, uchane kwa ufagio laini. Ukipunguza chini ya sm 2 inabanduka kama gamba. Usipochokonoa inabanduka vilevile, tena kwa vipande vikubwa.

Mtego uliopo hapo: umeinua sakafu sm 3, mlangoni pamezaliwa ngazi mpya. Ama ufanye na chumba kinachofuata, ama ukingo uuteremshe taratibu ndani ya urefu wa sm 40. Na mlango utasugua chini, seremala awepo siku hiyohiyo.

#17 Mwera_wa_Mtama

Pa kutawadhia nako tusipaache. Mzee wa Kiislamu ananawa miguu hata mara tano kwa siku akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Ni rahisi kuangukia hapo, na katika michoro yote ya marekebisho ninayoijua haimo. Kijengwe kibao cha zege au cha tofali, kimo cha goti, upana sm 40, mshiko wa wima pembeni. Sakafu iinamie kwenye mtaro sm 2 kwa mita, usoni ichanwe. Birika liwe na kijukwaa chake, lisiwekwe chini. Taulo la miguu liwe palepale, akauke kabla ya kuvaa kandambili.

#18 nyonga_na_goti

Mwera umenifundisha kitu. Naongeza: jikoni, mama wa kusini anakaa kwenye kigoda cha sm 15 mbele ya mafiga, na mbuzi ya nazi iko chini zaidi. Jiko liinuliwe kwa tofali hadi sm 70, mbuzi ifungwe kwenye benchi la kimo cha goti. Usimwambie aache kupika. Mguu usiotumika unaisha nguvu upesi.

#19 Ustawi_Kusini

Sasa kwa nini nasema msimamizi aandike. Japani wana bima ya matunzo ya wazee, sheria yake ilipitishwa 1997 na ikaanza kutumika Aprili 2000. Kwa marekebisho ya nyumba inatambua gharama ya hadi yeni 200,000. Mzee analipa asilimia 10, 20 au 30 kulingana na kipato, iliyobaki bima. Kazi zinazokubaliwa ni chache na zimetajwa: mishiko, kuondoa tofauti za kimo, kubadili sakafu inayoteleza, kubadili mlango uwe wa kusukuma pembeni, kubadili choo cha kuchuchumaa kiwe cha kukalia, na kazi ndogo zinazoambatana na hizo. Tangu 2006 maombi lazima yatangulie kazi, yakiambatana na karatasi ya sababu, ambayo kwa kawaida huandikwa na msimamizi wa matunzo. Haisemi "weka mshiko". Inasema mzee huyu anashindwa tendo gani, wapi, kwa nini, na baada ya kazi ataweza nini.

#20 Mkongojo

Mkuu, Japani kuna bima. Huku nani atalipa? Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inagawanywa 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Mzee kama mzee hayumo. Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu 2003, lakini karatasi haimwagi zege.

#21 Ustawi_Kusini

Kweli, bima hiyo hatuna. Ila karatasi ya sababu haihitaji bima. Ni ukurasa mmoja wa daftari, na faida yake kubwa ni kuzuia ugomvi wa ndugu. Mfano:

*Mama, miaka 78, mkono na mguu wa kulia dhaifu baada ya kiharusi. Nyuma ya goti sm 42, kifundo cha mkono sm 74. Simama-tembea: sekunde 21. Tendo linalomshinda: kuinuka chooni usiku. Sababu: anachuchumaa, hana pa kushika kushoto. Kazi: kiti cha mbao sm 42, fremu ya nguzo mbili kushoto, mlalo sm 65 kutoka sakafuni, wima sm 25 mbele ya kiti, taa ya sola mlangoni. Haitajengwa: choo cha ndani. Wakati wa kazi atatumia: ndoo yenye kiti, chumbani, siku 8, mhusika mjukuu mkubwa. Malipo: nusu mwanzo, asilimia 30 kazi ikiisha, 20 baada ya mama kutumia wiki moja. Ukaguzi: wiki 2, miezi 3.*

Angalieni mstari wa "haitajengwa". Huo ndio unaookoa pesa. Na "wakati wa kazi atatumia" ndio unaosahaulika kuliko yote: choo kinavunjwa Jumatatu, zege linataka siku 7, mzee wa watu anakwenda wapi? Anakanyaga zege bichi siku ya pili, kazi imeharibika.

#22 fundi_mwashi_Masasi

Asilimia 20 kushikiliwa wiki nzima fundi gani atakubali?

#23 Ustawi_Kusini

Atakayeambiwa kabla ya kuanza. Ukimwambia siku ya mwisho, umemdhulumu.

#24 fundi_mwashi_Masasi

Hapo sawa. Iandikwe.

#25 Jamvi_la_Newala

Na karatasi isainiwe na nani? Kwetu Wamakonde, na Wayao na Wamwera hali kadhalika, mambo mengi ya ukoo yanafuata upande wa mama. Mtoto wa kiume wa Dar anatuma hela, lakini neno juu ya nyumba linaweza kuwa la mjomba au la dada mkubwa. Msimamizi akivunja ukuta kwa idhini ya mwenye simu tu, kazi itasimamishwa katikati. Waite wote barazani mara moja, mzee mwenyewe awe wa kwanza kusema. Mara nyingi anataka kitu kidogo kuliko walichopanga wanawe.

#26 Kipimamaji

Kuhusu muda: minada ya korosho inaanza Oktoba, mvua zetu zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Wote wanajenga katika upenyo huohuo, mafundi hawapatikani. Msimamizi apime na kuandika Julai au Agosti, fundi awekewe nafasi mapema. Mashimo na njia za nje kwanza, mishiko ya ndani inaweza kusubiri mvua.

#27 Mwera_wa_Mtama

Milango mnasemaje? Kuvunja ukuta wa udongo kupanua mlango kunaangusha na linta, boriti ya juu ya mlango.

#28 Kipimamaji

Usivunje mpaka ujaribu hili. Mlango wa futi mbili na nusu ukipunguza unene wa fremu na wa ubao wenyewe, unabaki na sm 68 hivi. Viti mwendo vingi vya watu wazima ni sm 60 hadi 68, bado vidole. Ng'oa ubao na bawaba zake, weka pazia. Unapata sm 4 au 5 bure, na nyumba zetu za pwani pazia ni la kawaida. Pindo liwe sm 5 juu ya sakafu lisinase gurudumu wala mguu. Chooni pazia liwe zito, mzee ana staha yake. Kama bado haipiti, ndipo upanue hadi sm 80 za wazi, na paa libebwe kwa nguzo za muda kabla ya kugusa linta.

#29 Mkongojo

Na chandarua. Kinachoburuta chini kinafunga miguu mzee anaposhuka kitandani. Kichomekwe chini ya godoro pande tatu, upande wa kushukia ufungwe fundo asubuhi na jioni.

#30 nyonga_na_goti

Ukaguzi wa wiki mbili ufanyweje? Rudia simama-tembea. Kaza nati zote. Kisha tazama ukuta tena. Kama weusi mpya wa viganja umejitokeza pembeni ya mshiko badala ya juu yake, mshiko umekaa vibaya, na fundi auhamishe.